Baada ya Wimbi Kurudi Baharini: Kisima, Choo na Tangi Kisiwani

Somo la afya ya mazingira katika toleo hili ni la wakaazi wa visiwa vyetu, kuanzia Amu na Manda hadi Pate, Ndau na Kiwayu, na kwa kila nyumba inayotegemea kisima, jabia au tangi la maji ya mvua. Wahudumu wa afya ya jamii wanaombwa kulisoma pamoja na wakaazi wanapotembelea nyumba zao. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliwa barazani.

Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa za Kenya, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 9.1 lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Mawimbi ya tsunami yaliyofuata yaliua zaidi ya watu 220,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Yalipofika pwani ya Kenya mchana wa siku hiyo yalikuwa yamepungua nguvu, watu walikuwa wameanza kuondolewa ufuoni, na nchi yetu ilipoteza mtu mmoja. Majirani zetu wa kaskazini hawakuwa na bahati hiyo. Somalia ilipoteza karibu watu 300, na mji wa Hafun ndio ulioumia zaidi.

Mara nyingi tsunami huzungumziwa kwa habari ya watu waliokufa na nyumba zilizobomoka. Somo hili linahusu yanayofuata baadaye: maji ya kunywa, vyoo, mbu na taka. Mfano wetu ni visiwa vya Maldives, kwa sababu ardhi yake, visima vyake na hata misimu yake ya upepo inafanana na yetu kuliko nchi nyingine zilizopigwa siku ile.

WIMBI LA DAKIKA, MADHARA YA MIEZI

Maldives ni nchi ya visiwa vidogo vya matumbawe, na sehemu kubwa ya ardhi yake haifiki hata mita 2 juu ya usawa wa bahari. Wakati huo ilikuwa na watu wapatao 290,000. Tsunami iliwafikia saa tatu na kitu baada ya tetemeko. Katika visiwa vingi haikuja kama ukuta mrefu wa maji. Bahari ilijaa kwa kasi, ikavuka kisiwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha ikarudi. Zaidi ya watu 100 walifariki au kupotea. Kati ya visiwa 199 vilivyokaliwa na watu, ni 9 tu ambavyo havikufurikwa. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 470, sawa na asilimia 62 ya pato la taifa hilo kwa mwaka mzima.

Maji yalipoondoka, watu walirudi nyumbani wakakuta kisima kimejaa maji ya bahari, tope na majani. Tangi la choo lilikuwa limefurika na uchafu wake umesambaa uani. Tangi la mvua ama lilikuwa limebebwa na maji, ama limepasuka, ama lilikuwa limesimama palepale likiwa na maji ya chumvi ndani. Kwa asubuhi moja, vyanzo vyote viwili vya maji vya nyumba vilikuwa vimeharibika pamoja.

Zaidi ya hayo, wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwisho wa Desemba ni mwanzo wa kiangazi Maldives, kama ilivyo kaskazi kwetu. Kuanzia Januari hadi Aprili mvua ni haba. Mtu aliyepoteza maji ya tangi lake siku ile hakuwa na matumaini ya kulijaza tena kabla ya miezi kadhaa. Ilibidi maji ya chupa na ya meli yasambazwe kisiwa kwa kisiwa, na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ipelekwe visiwani kwa msaada wa mashirika ya kimataifa. Mitambo hiyo iliokoa watu, lakini inahitaji mafuta, vipuri na fundi, na kisiwa chenye watu mia chache hakipati vitu hivyo kwa urahisi.

MAJI MATAMU HUKAA WAPI CHINI YA KISIWA

Ili kuelewa kwa nini visima vya kisiwani hupona polepole, ni lazima tujue maji yake yanatoka wapi. Kisiwani hakuna mto uliopita chini ya ardhi kutoka bara. Maji ya kisima ni mvua iliyozama katika mchanga na mawe ya matumbawe. Maji hayo ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hivyo huelea juu ya maji ya chumvi yaliyojaa chini ya kisiwa. Tabaka hilo ni nene katikati ya kisiwa na jembamba karibu na ufuo, na pale matamu na chumvi yanapokutana kuna sehemu ya mchanganyiko.

Wataalamu wa maji wana kanuni moja inayofaa kukumbukwa: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kanuni hiyo inasikika kama habari njema, lakini igeuze uone upande wake wa pili. Ukivuta maji mpaka usawa wa juu ushuke kwa sentimita 10 tu, mpaka wa chumvi ulio chini unaweza kupanda taratibu hadi mita 4. Ndiyo sababu kisima kilichokuwa kitamu miaka yote huanza kuonja chumvi baada ya mwenyewe kuweka pampu kubwa, hata pasipo tsunami yoyote.

Tsunami huongeza chumvi kutoka juu. Maji ya bahari huingia kupitia mdomo wa kisima, na mengine huzama katika mchanga wa kisiwa kizima na kushuka polepole hadi kwenye maji matamu. Na si lazima yawe mengi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ukimimina zaidi kidogo ya nusu lita ya maji hayo katika mtungi wa lita 20 wa maji mazuri, tayari utayaonja na huenda watoto wakayakataa. Sasa fikiria kisima kilichozama chote.

KUCHEMSHA HAKUONDOI CHUMVI

Jambo hili tunalisema kwa mkazo kwa sababu linachanganya watu wengi. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Dawa ya klorini pia huviua. Lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachoondoa chumvi. Tena ukichemsha sana, maji hupungua kwa mvuke, chumvi ikabaki ileile, kwa hivyo yanayobaki sufuriani ni makali zaidi. Maji yenye chumvi nyingi hayafai kwa mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya unga, na ni hatari kwa mama mjamzito na kwa mwenye shinikizo la damu. Yatumieni kufulia na kusafishia nyumba kama hayana uchafu wa choo. Ya kunywa na kupikia yatafutwe kwingine.

Kinyume chake pia ni kweli: maji yaliyorudi kuwa matamu mdomoni huenda bado yana vijidudu. Ulimi hauwezi kuonja kipindupindu.

USIKIKAUSHE KISIMA

Mtu akikuta kisima chake kimejaa maji ya bahari, wazo la kwanza ni kukivuta mpaka kikauke ili kianze upya. Baada ya tsunami hiyo, katika pwani ya mashariki ya Sri Lanka, watu na mashirika walileta pampu wakavuta visima mara kwa mara. Watafiti wa maji waliovifuatilia visima hivyo waliona kwamba kuvivuta tena na tena hakukusaidia kupunguza chumvi kama ilivyotarajiwa. Kilichosaidia hasa ni mvua za msimu kuisukuma chumvi chini na nje. Kuvuta kwa nguvu kulikuwa na madhara yake: kuta za visima vingine zilibomoka, na chumvi ya chini iliweza kuvutwa juu kwa namna tuliyoieleza.

Utaratibu unaofaa ni huu. Ondoa kwanza takataka, mizoga na mafuta yanayoelea, kisha tope lililotuama chini. Kama kisima kilizama, maji yaliyoingia kwa mdomo yatolewe mara moja, polepole, kwa ndoo au pampu ndogo, bila kukikausha. Maji hayo yamwagwe mbali, upande wa baharini. Ukiyamwaga hapo kando ya kisima yatarudi ndani kabla hujamaliza kukunja kamba. Baada ya hapo kiache kisima kipumzike, uonje au upime chumvi kila baada ya muda, na usubiri mvua. Kuweka klorini ndani ya kisima kuna maana pale maji yanapokuwa yameanza kutumika tena, na kiasi chake kipangwe na afisa wa afya ya umma kulingana na maji yaliyomo. Klorini nyingi katika maji yenye tope huharibika bure.

CHOO NA KISIMA NI MAJIRANI

Kabla ya tsunami, nyumba nyingi za Maldives zilikuwa na uwanja wa kuogea ulio wazi nyuma ya nyumba, wenyewe huuita gifili, na kisima kilikuwa humo humo. Tangi la maji taka lilikuwa hatua chache kutoka hapo, likimwaga katika mchanga uleule unaolisha kisima. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuonja matokeo ya hali hiyo katika mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1978, na tangu hapo serikali ikawahimiza watu wanywe maji ya mvua badala ya maji ya visima. Tsunami ilipofika, ule umbali mdogo uliobaki kati ya choo na kisima ukafutwa kabisa.

Mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulihofiwa, lakini haukutokea. Watu walipata maji salama mapema na wagonjwa wa kuhara walifuatiliwa kwa karibu. Tunalitaja hili kwa sababu baada ya maafa watu huambiwa kwamba maradhi ni lazima, na pia kwamba maiti ndizo zinazoyaleta. Maiti za watu waliokufa kwa kuzama kwa kawaida hazianzishi mlipuko. Hakuna haja ya kuwazika watu kwa haraka katika shimo moja bila kuwatambua. Wapewe heshima yao, na ndugu zao wapate kujua walipolala. Kinachoua baada ya wimbi ni kinyesi cha walio hai kinapofika kwenye maji ya kunywa.

Mwongozo wa kawaida ni kwamba choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na chini ya shimo kubaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Katika kisiwa ambako unachimba futi nne ukakuta maji, sharti hili la pili haliwezekani kwa shimo la kawaida. Hapo choo huinuliwa juu ya ardhi, au hujengwa juu ya tangi lisilovuja ambalo hunyonywa na kumwagwa mahali palipotengwa. Kambi za muda ndizo zenye hatari zaidi, kwa maana watu wengi huishi mahali padogo. Kiwango kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku.

TANGI LILILOOKOA NA MBU ALIYEFUATA

Tangi la mvua ndilo rafiki mkubwa wa mtu wa kisiwani baada ya visima kuharibika. Lakini lina adui wake, na hapa historia ya Amu na ya Maldives zinakutana.

Katikati ya mwaka 2004, miezi michache kabla ya tsunami, Amu ilikumbwa na homa ya chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakaazi waliambukizwa, yaani kama watu 13,500. Wengi wenu mnakumbuka maumivu ya viungo yaliyomfanya mtu mzima ainame kama mzee. Watafiti waliihusisha homa hiyo na ukame: maji yalikuwa haba, watu wakayahifadhi kwa muda mrefu katika vyombo visivyofunikwa, na mbu wa Aedes wakazaliana humo. Kutoka hapa ugonjwa ulifika Mombasa, ukaenda Komoro mwanzoni mwa 2005, ukaipiga Réunion vibaya sana, ukafika India mwishoni mwa 2005. Mwezi Desemba 2006 uliingia Maldives kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za nchi hiyo, na watu zaidi ya 11,000 wakaripotiwa kuugua.

Tsunami haikuubeba ugonjwa huo. Uliletwa na wasafiri. Lakini miaka miwili baada ya wimbi visiwa vile vilikuwa vimejaa matangi na mapipa ya maji ya mvua, pamoja na maeneo ya ujenzi wa nyumba mpya, na mbu huyu hapendi kitu kama hivyo.

Mbu wa Aedes huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Mayai yake hushikamana na ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Kumwaga maji hakutoshi; ukuta wa pipa usuguliwe kwa brashi, kila wiki. Tangi lifunikwe, na wavu wa matundu madogo uwekwe mahali maji yanapoingia na yanapofurikia. Wazee wa Amu walikuwa na njia yao: samaki wadogo waliwekwa katika birika ili wale viluwiluwi, na mabirika mengine yalikuwa na bakuli la kauri chini ili samaki wabaki na maji birika likipungua. Ni akili iliyotangulia dawa za kunyunyiza, na haina gharama.

Tangi au jabia iliyoingiliwa na maji ya bahari imwagwe yote, isuguliwe, ioshwe kwa klorini na kusuuzwa. Mvua ya kwanza iachwe ipite bila kuingizwa ndani, kwa sababu inaosha paa lenye chumvi, vumbi na kinyesi cha ndege. Jabia zenye mdomo ulio sawa na ardhi ndizo tunazozihofia zaidi. Kuinua ukingo wake kwa mawe machache hakuzuii tsunami kubwa, lakini huzuia bamvua kali na mafuriko ya mvua, ambayo huja mara nyingi zaidi.

TAKA ZISIZOCHOMWA UFUONI

Wimbi huvunja na kuchanganya: mbao, magodoro, betri, mapipa ya mafuta, dawa za zahanati, sindano, na mapaa ya asbestosi yaliyovunjika. Huko Maldives mrundiko huo ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wa kisiwa chochote, na hakuna pa kuupeleka pasipo mashua. Haraka ya kusafisha huwafanya watu wachome kila kitu ufuoni. Plastiki na betri zikichomwa hutoa moshi wa sumu, na majivu yake huzama kwenye maji yaleyale tuliyokuwa tukiyazungumzia. Vipande vya asbestosi visivunjwe wala kufagiliwa vikiwa vikavu. Vilowanishwe, vifungwe katika plastiki nene na vitengwe hadi maafisa wavichukue. Sindano na dawa ziwekewe alama, watoto wasikaribie.

Mimea nayo hupata shida. Huko minazi mingi ilistahimili, lakini miembe, migomba na mishelisheli ilikauka kwa chumvi. Shamba lililofurikwa linahitaji mvua kadhaa za kuosha chumvi kabla ya kupandwa tena, na kulimwagilia kwa kisima kilichoharibika ni kuongeza chumvi.

UPANDE WETU

Mji wa Amu unategemea visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ule hupokea mvua na kuihifadhi, na urefu wake ni kinga dhidi ya bahari. Anayechota mchanga pale, au kujenga juu yake pamoja na choo chake, anagusa mtungi wa mji mzima. Visiwa visivyo na vilima kama hivyo vina akiba ndogo zaidi, na huko jabia ndiyo tegemeo.

Wapo visiwani Maldives ambao hawakurudi makwao kabisa. Watu wa Kandholhudhoo, kisiwa kilichokuwa kimejaa nyumba hadi ukingoni mwa maji, waliishi kwenye makazi ya muda katika visiwa vya jirani kwa takriban miaka minne. Mwezi Desemba 2008 wapatao 4,000 walihamia Dhuvaafaru, kisiwa ambacho hakikuwa na wakaazi, kilichojengwa kwa msaada wa vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Pamoja na nyumba na shule, waliwekewa mfumo wa maji taka.

MASWALI YA BARAZANI

Pimeni kwa kamba: katika mtaa wenu, ni kisima gani kilicho karibu zaidi na choo, na umbali ni mita ngapi?

Kama visima vyote vya kijiji vingeingia chumvi mwanzoni mwa kaskazi, maji yaliyo katika jabia na matangi yangewatosha watu wangapi, kwa siku ngapi, kwa lita 15 kila mtu?

Ni nani kijijini mwenye pampu ya mafuta, na je, mmekubaliana naye isitumike kukausha kisima?

Kuna majengo gani yenye paa la asbestosi? Yaandikeni, na orodha mpeni afisa wa afya ya umma wa wadi yenu.